Mguu wa baba na nanga nne

Nimeyaandika haya kwenye simu siku kwa siku, mengine nikiwa kwenye basi mengine kwenye benchi la hospitali, kwa hiyo kuna siku nimejaza na kuna siku ni mistari miwili tu. Nimeyaacha yalivyo.

JUMAPILI USIKU, kesho tunaondoka

Baba ana kidonda kwenye wayo wa kulia, wiki ya sita hii. Sukari ilishaua fahamu za miguu muda mrefu, sasa alikanyaga kitu chenye ncha wala hakusikia, tumekuja kushtuka soksi ina damu na hapo siku mbili zimeshapita. Kituo cha afya wameosha na kufunga mpaka wakasema hapa hatuwezi tena, nendeni hospitali kubwa, wakaandika rufaa. Ni safari ya siku mbili kwa basi kama njia ni nzuri, na huu ni msimu wa mvua.

Usiku huu tumeomba wote. Mama kasoma Zaburi 121, ile ya "Nitayainua macho yangu niitazame milima". Ni moja ya zile nyimbo 15 za kupanda, kuanzia 120 mpaka 134, inaaminika watu walikuwa wanaziimba wakipanda kwenda Yerusalemu, yaani ni zaburi ya wasafiri kabisa. Akafika pale pa "Asiuache mguu wako usogezwe" sauti ikamkatika. Sote tukauangalia mguu wa baba ulioinuliwa juu ya mto. Hakuna aliyesema kitu.

Baba alikuwa baharia miaka thelathini na kitu. Ameniomba jambo moja tu, nimsomee Matendo ya Mitume sura ya 27, ile ya safari ya Paulo baharini, njiani, kila siku kipande. Anasema hiyo ndo sura ya Biblia unayojua kabisa kwamba aliyeiandika alilowa.

JUMATATU, siku ya 1

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Konda kaelewa, katupa siti ya mbele baba aweke mguu juu ya begi. Sindano zake za insulini nimeziweka kwenye chupa ya maji ya baridi maana zikipata joto zinaharibika, kila tukisimama nabadilisha maji, hiyo ndo kazi yangu kubwa ya leo.

Nimesoma mstari wa 1 mpaka wa 8. Paulo mfungwa anapelekwa Rumi chini ya akida Yulio, ofisa wa jeshi la Kirumi, kwenye bandari ya Mira wanahamia merikebu ya Iskanderia, upepo wa mbisho unaowapiga kutoka mbele, wanakwenda polepole siku nyingi. Baba akasema hiyo ya Iskanderia ni ya nafaka, ngano ya Misri inapelekwa Rumi, chombo kikubwa kizito hakigeuki kirahisi. Halafu akaniuliza, "Umeona lile neno 'sisi'?" Kweli, Luka aliyeandika kitabu hiki anasema tulitweka, tulipita, tulifika, na yeye alikuwemo. Na Luka ni tabibu, Wakolosai 4:14 inamwita tabibu mpendwa. Baba akacheka, "Kwa hiyo daktari alikuwepo na tufani ikaja vilevile."

Mvua imeanza jioni.

JUMANNE, siku ya 2

Daraja limeondoka. Saa mbili usiku wa jana basi likasimama, tukadhani ni foleni, asubuhi tukatoka kuangalia, upande wa pili barabara ipo na upande wetu barabara ipo, katikati ni maji ya rangi ya matope yanabeba miti mizima. Nyuma nako wanasema maji yamepita juu ya lami kwa hiyo hata kurudi hakuna. Magari kama thelathini hivi yamekwama na sisi.

Nimesoma pale Bandari Nzuri, kwenye kisiwa cha Krete. Paulo anawaambia hii safari itakuwa na hasara, akida anawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Mfungo ulikuwa umeshapita, yaani ile Siku ya Upatanisho ya Wayahudi inayoangukia Septemba au Oktoba, na kwenye bahari ile ukishapita wakati huo unasafiri kwa kubahatisha. Mi nikasema hao watu walikuwa wakaidi. Baba akakataa, akasema nahodha hakuwa mjinga, maandiko yenyewe yanasema bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, alikuwa na sababu. Kilichowaponza ni ule upepo wa kusini uliovuma kidogo wakadhani wamepata walichotaka. "Upepo mpole ndio ninaouogopa mimi," alisema, "mkali unakufanya ujiandae."

Nikafikiria zile wiki tano ambazo kidonda kilionekana kama kinakauka juu juu na sisi tukashukuru tukakaa.

JUMATANO, siku ya 3

Leo ni siku mbaya na nitaiandika yote.

Kidonda kimeanza kunuka. Nikakifungua asubuhi, pembeni pamekuwa peusi na wekundu umepanda juu ya kifundo. Baba ana homa. Mtandao unakuja na kupotea, simu ina chaji asilimia kumi na kitu, nikampata dada mara moja nikamwambia tuombeeni, ikakata.

Basi kuna abiria mmoja, baba mtu mzima tu amevaa vizuri, jana alikuwa anaongoza nyimbo ndani ya basi na kiukweli zilitusaidia. Leo akaja akasimama pale kwenye siti yetu, akauangalia mguu, akaanza kusoma Zaburi 91 kwa sauti. Mabaya hayatakupata, wala tauni haitaikaribia hema yako, atakuagizia malaika zake wakulinde, mikononi mwao watakuchukua usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Mguu tena. Akamgeukia baba akamwambia, mzee, hili neno halisemi uongo, kama mguu umejikwaa basi kuna mahali ulitoka chini ya ulinzi, tafuta dhambi iko wapi utubu na utasimama leo hii.

Nilitetemeka. Nilitaka kumjibu na sikupata neno maana ndani yangu kuna sehemu ilikuwa inajiuliza swali hilohilo. Baba ndo alijibu, kwa upole kabisa, akiwa na homa yake, "Mwalimu, asante kwa kuniombea. Lakini katika Injili zote aliyenukuu mstari huo wa mguu ni mmoja tu, na alikuwa anamwambia Bwana ajirushe." Kweli iko hivyo, Mathayo 4 na Luka 4, juu ya kinara cha hekalu, shetani ndiye anayesoma Zaburi 91 na anasimama palepale pa mguu na jiwe. Yesu hakusema zaburi ni ya uongo. Alikataa kuitumia kumjaribu Baba yake.

Yule mzee akanyamaza akarudi kwenye siti. Simchukii, nadhani na yeye alikuwa anaogopa, na watu wengi tukiogopa tunatafuta sheria ya kutuhakikishia kwamba haya hayatatupata sisi. Rafiki zake Ayubu walifanya hivyohivyo, walikaa naye vizuri siku saba kimya, shida ilianza walipofungua mdomo.

Jioni nikasoma mstari wa 13 mpaka 20. Eurakilo, ule upepo wa tufani, ikawashukia kutoka kisiwani, wakapita nyuma ya kakisiwa ka Kauda wakaivuta mashua ndani kwa taabu, wakapitisha kamba chini ya merikebu kuikaza. Baba alinionyesha kwa mikono jinsi kamba zinavyozungushwa chini ya chombo ili mbao zisiachane. Kesho yake wakatupa shehena, siku ya tatu wakatupa vyombo vya merikebu. Halafu mstari wa 20, siku nyingi hakuna jua wala nyota, wakakata tamaa ya kuokoka.

Hapo nilikaa sana. Wakati ule bila jua na nyota hujui uko wapi kabisa, siku zote hizo hakuna mtu merikebuni anayeweza kusema tuko hapa. Na Luka anaandika kukata tamaa huko akiwa yeye mwenyewe ndani, hasemi wapagani ndio walikata tamaa sisi tukawa tunaimba. Rafiki wa Paulo, mtu wa imani, tabibu, na aliandika. Mi nilikuwa nimeficha tangu asubuhi kwamba nimekata tamaa, naitikia amina huku ndani pamekauka. Nikamwambia baba. Akasema, "Najua. Endelea kusoma kesho, usiishie hapo."

Usiku maji yamesikika mpaka saa nane.

ALHAMISI, siku ya 4

Maji yameshuka! Siyo ya gari kupita ila watu wakawa wanavuka kwa miguu sehemu ya juu kidogo ambapo mto umetanuka, maji ya kiunoni, wamefunga kamba kutoka mti huu mpaka ule. Ng'ambo kuna magari yaliyokwama kutoka upande ule na yenyewe yanageuza.

Baba hawezi kukanyaga. Dereva wetu akatoa kiti cha plastiki, watu wanne wakakibeba mabegani baba akiwa juu, mguu umefungwa mifuko ya nailoni mara tatu. Mmoja wao aliyeshika mguu wa kiti wa nyuma kushoto alikuwa yule mzee wa jana. Hakuitwa na mtu, alivua viatu tu akaja. Mi nilikuwa nyuma nimebeba begi kichwani na ile chupa ya insulini nimeing'ang'ania, natembea nalia na sijui nalia nini. Katikati ya maji kiti kiliyumba, moyo ukasimama, wakakiweka sawa.

Ng'ambo lori likatupokea, baba kalazwa juu ya turubai. Yule mzee akarudi upande wa pili maana mizigo yake ilikuwa huko. Alimshika baba mkono, akasema "Nisamehe, mzee." Baba akamwambia "Umenivusha."

Sikusoma leo. Giza, lori linaruka, na baba alikuwa analala na kuamka anaita majina ya watu waliokwishakufa.

IJUMAA, siku ya 5

Tumefika saa tano usiku. Wamempokea hapohapo, dripu, dawa ya kuua bakteria kwa mshipa, sukari iko juu sana. Nimelala sakafuni.

JUMAMOSI, siku ya 6

Daktari ni binti wa rika langu. Alikaa chini kabisa kwenye kitanda kabla ya kusema, na hilo nalikumbuka. Alisema maambukizi yameingia mpaka mfupa na yanapanda, damu haifiki vizuri chini, wakisubiri yataingia kwenye damu ya mwili mzima na hapo hatutakuwa tunaongelea mguu tena. Wakate chini ya goti, leo, ili goti libaki, na akiwa na goti kutembea na mguu wa bandia kunakuwa rahisi zaidi.

Nilitoka nje nikasimama ukutani. Nilikuwa na hasira na Mungu, siwezi kuandika kitu kingine. Mguu, mguu, mguu, tangu Jumapili unatuambia habari za mguu. Asiuache mguu wako usogezwe. Ulisema. Sasa mbona.

Niliporudi baba alikuwa ameshaweka sahihi. Akaniambia nisome, nikasema siwezi, akasema soma mwanangu, mstari wa 21. Nikasoma. Paulo anasimama kati yao anaanza kwa kuwaambia mngenisikiliza (baba alitabasamu hapo, kila mara anatabasamu hapo), halafu anasema malaika wa Mungu alisimama karibu naye usiku, jipeni moyo, hakuna hata mmoja wenu atakayepotea, ila merikebu tu.

Nikaona anachofanya, nikafunga Biblia. Nikamwambia baba, mguu wako siyo merikebu.

Alinyamaza muda. Kisha akanihadithia kitu sijawahi kukisikia, kwamba akiwa kijana walipata dhoruba usiku, nahodha akaamuru kutupa shehena, na ndani ya shehena kulikuwa na vitu vyake mwenyewe, akiba ya mwaka mzima, na alivitupa yeye kwa mikono yake. "Nililia huku natupa. Usidhani mtu anayetupa hapendi anachotupa." Akasema wale wa Matendo walitupa mara tatu, kwanza shehena, kisha vyombo, mwisho kabisa ngano yenyewe, na ngano ndo ilikuwa sababu ya safari. Kila mara chombo kinapanda juu kidogo kwenye maji. "Mimi naupenda huu mguu. Umenipeleka kote. Lakini nataka kufika."

Wamemchukua saa mbili usiku.

JUMAPILI, siku ya 7, saa tisa usiku

Benchi. Bado yuko ndani, kulikuwa na dharura nyingine mbele yake kwa hiyo wamechelewa kuanza.

Niko kwenye mstari wa 27 mpaka 29. Usiku wa kumi na nne, usiku wa manane mabaharia wanahisi nchi iko karibu, wanatupa bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, pima ishirini, wanasogea kidogo wanatupa tena, pima kumi na tano. Baba alishaniambia pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8, kwa hiyo kutoka mita 36 mpaka 27 ndani ya muda mfupi gizani, miamba iko mbele. Kutoka Kauda mpaka hapo walikuwa wamesukumwa zaidi ya kilometa 800 bila kujua wanakwenda wapi. Basi wakatia nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo, wakaomba kuche.

Zamani nilimuuliza kwa nini tezi, nanga si inatiwa omo, mbele? Akasema ukitia ya omo chombo kinageuka kuangalia upepo kinaipa nchi kavu mgongo. Wao walitaka omo ibaki inatazama pwani ili kukicha wakate kamba tu na kwenda moja kwa moja. Yaani wamesimama gizani ila wamesimama wakiwa wameelekea wanakotaka kufika.

Sina maombi marefu. Naomba kuche.

Baadaye. Nilisinzia, nikashtuka nikajiona mkosaji kweli, baba yuko kule mi nimelala. Halafu ukanijia wenyewe, "Asisinzie akulindaye", na mstari wa pili wake kwamba hatasinzia wala hatalala usingizi. Zaburi ileile niliyoigombia jana. Nilikuwa nimeshika neno mguu tu sikuona yanayolifuata, zaburi nzima ni mlinzi, mlinzi, mlinzi, neno kulinda linarudi tena na tena. Nikalala tena kwa makusudi.

Saa kumi na mbili na robo nesi kaja. Yuko hai. Goti lipo.

JUMATATU, siku ya 8

Maumivu. Hakuna cha kuandika.

JUMANNE, siku ya 9

Ameamka vizuri zaidi, homa imeshuka kabisa. Anasema vidole vya mguu usiokuwepo vinamuuma, nesi akatueleza ni kawaida, fahamu bado zinaukumbuka. Ajabu ya mwili, wayo ambao haukusikia chochote ulipochomwa leo unauma na haupo.

Nikamuuliza lile swali. Nikamwambia baba mi bado sijaelewa kuhusu mguu wako usogezwe. Aliangalia dari akaniuliza, "Na miguu yake Yeye?"

Nikasema nani.

"Aliyeambiwa hatajikwaa kwenye jiwe. Alipofufuka aliwaonyesha nini?"

Luka 24. Tazameni mikono yangu na miguu yangu. Yuleyule tabibu aliyelowa ndiye kaandika. Nilikuwa naijua aya hiyo tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuiweka jirani na kinara cha hekalu, kwamba mtu aliyekataa malaika wamdake alikuja kupigiliwa misumari miguuni na akafufuka nayo ikiwa na alama, hakuificha, aliwaonyesha ili wamjue ni Yeye. Sijui kueleza kilichotokea ndani yangu. Hasira haikuisha palepale ila ilikosa pa kusimama, maana nilikuwa namgombeza kama mtu anayetazama kutoka juu na ana miguu yake mizima.

Baba akaongeza kwamba Paulo naye, 2 Timotheo sura ya 4, anasema sasa anamiminwa na wakati wa kufariki kwake umefika, na mistari kumi na kitu mbele, sura ileile, anasema Bwana atamwokoa na kumhifadhi hata afike ufalme wake wa mbinguni. Hakuona kwamba anajipinga.

JUMATANO, siku ya 10

Tumemaliza sura ya 27. Merikebu ikapanda fungu la mchanga, omo ikakwama, tezi ikavunjwa na mawimbi. Watu 276, wanaojua kuogelea wakajitupa, wengine juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya merikebu yenyewe, wote wakafika pwani salama. Baba akanizuia hapo, "Vipande vya merikebu. Sikia. Kilichovunjika ndo kiliwafikisha." Halafu akasema hao hawakutoka wazuri majini, usione kwenye picha za watoto, walitoka wanatapika maji ya chumvi, wamechubuka, na mvua inanyesha, sura ya 28 inasema mvua na baridi, wenyeji wa Malta wakawasha moto wakawakaribisha wote.

Na kweli mama wa kitanda cha jirani, anayemuuguza mwanawe wa kiume, ndiye aliyetupa blanketi usiku ule tuliofika, mi nilikuwa sijakumbuka hata kumshukuru. Leo nimeenda. Tumeomba pamoja kwa ajili ya kijana wake, ambaye bado hajafumbua macho.

Mama kapiga simu, baba kamwambia "Nimekuja Malta." Mama hakuelewa, akadhani ni homa, ikabidi nichukue simu nimweleze.

Kesho saa mbili asubuhi wanafungua bandeji kwa mara ya kwanza. Ameniomba niwepo nimshike mkono wa kushoto, wa kulia una dripu.